Fika ya Waswidi: kwa nini kazi inasimama kwa ajili ya kahawa, na kinachookwa kuisindikiza

Ukisoma habari za maisha ya Uswidi hazipiti dakika nyingi utakutana na fika, na niseme mapema kwamba haina uhusiano na kufika kwetu, ni jina lao tu la kukaa chini na kahawa na kitu kitamu pembeni. Shida ni kwamba kila anayeieleza anaieleza kivyake, mmoja anakwambia ni mapumziko ya kazini, mwingine anakwambia ni miadi ya watu wanaotakana, wa tatu anaapa kabisa kwamba iko kwenye sheria ya nchi, wa nne anakupa resipe ya mikate ya mdalasini na kumaliza hapo. Wote wana kipande cha ukweli. Lakini ukishika kipande kimoja tu unaweza kuhamia kule, ukapiga kazi vizuri kuliko wote, ukanywa kahawa yako kwenye meza yako huku unajibu barua pepe, na bado baada ya miezi kadhaa watu wakakuona mtu usiyechangamana, na wewe ukashindwa kuelewa umewakosea nini.

Ninavyoiona mimi, kinachotolewa kwenye fika ni muda. Kahawa ni njia tu ya kuwaketisha watu. Ndo maana ukisema hunywi kahawa hakuna anayejali, utapewa chai, utapewa juisi, utapewa hata maji, ila ukiwa unaalikwa kila siku na kila siku unasema uko bize, hilo ndo linaonekana, maana umekataa kukaa na wenzako.

Tuanze na kazini kwa sababu huko ndo wageni wengi wanajikwaa. Sehemu nyingi kuna fika mbili, ya asubuhi inayoangukia kati ya saa tatu na saa nne na ya mchana inayoangukia saa nane na nusu au saa tisa, kila moja ni robo saa au dakika ishirini hivi. Mtu wa Tanzania atasema basi hiyo ni chai ya saa nne, na ni kweli zinafanana kwa saa na kwa kelele za vikombe, ila chai ya saa nne kwa wengi wetu ndo kifungua kinywa chenyewe, umetoka nyumbani alfajiri na njaa inauma, kwa hiyo unakula upesi na unarudi, na ukiila peke yako hakuna tatizo lolote. Fika haikuwekwa kwa ajili ya njaa. Watu wameshakula nyumbani, chakula cha mchana kina saa yake, na hizi dakika ishirini zimetengwa kwa ajili ya kukaa pamoja tu, ndo maana ofisi nyingi zina chumba chake kabisa chenye meza ndefu, chupa kubwa ya kahawa ya kubonyeza kwa juu, na karatasi ukutani inayoonyesha zamu za nani analeta kitu Ijumaa hii.

Na hapo mezani cheo kinapungua nguvu. Mkuu wa idara anakaa karibu na fundi, anajimiminia mwenyewe, akimaliza anaweka kikombe chake kwenye mashine ya kuoshea, hakuna mhudumu anayezunguka na sinia. Maongezi ni hali ya hewa, watoto, wikiendi ilikuwaje, nani anajenga banda la bustani, mara chache kazi yenyewe, ila msidanganyike mkadhani hakuna cha maana kinachopita pale, kwa sababu Waswidi wanapenda kuamua mambo kwa kukubaliana na kukubaliana huko kunaanza kuiva mezani kabla kikao hakijaitwa. Mtu anatupia wazo kidogo, mwenzake anaguna, mwingine anasema aa hilo linawezekana, na wakifika kwenye kikao jambo lina nusu ya safari. Kama hukuwepo mezani unaingia kwenye kikao ukiwa nyuma ya wenzako. Hii naisema kwa uzito hasa kwa ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na kwingineko wanaoanza kazi kule, kwa sababu wengi wamelelewa kwamba kumwonyesha bosi unajituma ni kutosimama, na kule kutosimama kunasomeka tofauti kabisa.

Kuna tabia ndogondogo za kujua. Siku yako ya kuzaliwa ukiwa kazini keki unaleta wewe mwenyewe, wenzako hawakununulii, wanakuja kula, wanakuimbia, na ukikaa kimya ukisubiri kufanyiwa sapraizi siku itaisha. Ukialikwa fika kwenye kafe, hata kama yeye ndo aliyekualika, ni kawaida kila mtu kulipa chake, na hajakudharau wala si uchoyo, kwao kutolipiana ni kumwachia mwenzako uhuru wake asijisikie ana deni. Ndo maana fika inatumika pia kama miadi ya kwanza ya watu wanaopimana, maana ni ya mchana, ni fupi, haina gharama, haina pombe, mkiona hamwendani mnaagana baada ya kikombe kimoja na hakuna aliyeumia. Lakini mtu wa jinsia nyingine akikwambia twende fika usikimbilie kuvaa suti, mara nyingi sana anamaanisha kahawa na maongezi basi. Na kwenye sahani, kipande cha mwisho kinaogopwa, utaona mtu anakikata nusu, anakuja mwingine anakata nusu ya nusu, mpaka kinabaki kipande cha kidole kimoja kinakauka pale.

Sasa hili la sheria, maana linasambaa sana. Hakuna sheria ya Uswidi inayosema mfanyakazi apewe fika. Kilichopo ni sheria ya saa za kazi ya 1982 na ina mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni mapumziko marefu, kwamba mtu asifanye kazi zaidi ya saa tano mfululizo bila kupumzika, na wakati huo ni wake, anaruhusiwa hata kutoka kwenye jengo, kwa hiyo kwa kawaida haulipwi. La pili ni vipumziko vifupi, mwajiri anatakiwa apange kazi namna ambayo wafanyakazi watavipata kadiri wanavyohitaji juu ya yale mapumziko marefu, na hivi vifupi vinahesabika ndani ya saa za kazi. Fika ya ofisini inaishi kwenye hiyo nafasi ya pili, na sehemu nyingine inawekwa sawa kwenye makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kwa hiyo sheria imeacha mlango wazi, waliouingilia na kahawa ni watu wenyewe. Na viwanda vililichukua jambo hili kwa umakini, Volvo walipofungua kiwanda chao cha magari Kalmar mwaka 1974 walivunja ule mstari mmoja mrefu wa kuunganisha magari, wakawagawa watu kwenye timu, na kila timu ikapewa sehemu yake ya kunywea kahawa.

Ukitaka kuelewa ilivyofika hapo lazima urudi nyuma, na nyuma kwenyewe ni kugumu kuliko mtu anavyotarajia kwa sababu nchi hii iliwahi kuipiga marufuku kahawa. Kahawa iliingia Uswidi mwishoni mwa miaka ya 1600 na kwenye miaka ya 1700 matajiri wakaipenda sana, serikali ikaanza kulalamika kwamba fedha ya nchi inatoka nje kununua mbegu za kigeni, mwaka 1746 wakaweka kodi nzito kwa kahawa na chai, 1756 wakapiga marufuku kahawa kabisa, wakalegeza, wakarudisha tena, wakalegeza tena, mchezo huo ukaenda mpaka miaka ya 1820 ndo wakaachana nao. Inasimuliwa pia kwamba mfalme Gustav III aliwachukua wafungwa wawili mapacha, mmoja akawa ananyweshwa kahawa na mwingine chai kila siku ili aone nani atakufa kwanza, na kwamba madaktari wakafa kabla, mfalme akauawa kabla, na pacha wa chai akamtangulia wa kahawa. Ni simulizi nzuri na inapendwa mno, ila ichukue kama simulizi. La uhakika ni kwamba mfalme huyo alipigwa risasi kwenye dansi ya vinyago mwaka 1792.

Karne iliyofuata mambo yakageuka na sababu kubwa ilikuwa pombe. Uswidi ya miaka ya 1800 ilikuwa na tatizo la pombe kali iliyokuwa inapikwa majumbani kwa nafaka na viazi, ikawa inaharibu familia, serikali ikaja kubana upikaji wa majumbani kuanzia 1855, na vyama vya kupinga ulevi vikakua vikawa na nguvu kubwa kiasi kwamba mwaka 1922 nchi ilipiga kura ya kuamua kama pombe ipigwe marufuku yote, na waliokataa marufuku walishinda kwa asilimia 51 tu. Sasa jiulize, watu walioacha pombe wakikutana wanakunywa nini? Kahawa. Mikutano ya vyama kahawa, makanisani baada ya ibada kahawa, misibani kahawa. Kile kinywaji kilichokuwa kinaonekana anasa ya kuibia nchi fedha kikawa kinywaji cha mtu mwenye heshima zake, na mpaka leo ukienda kwenye kanisa la kule Jumapili, ibada ikiisha kuna chupa za kahawa na mikate, na huyo mgeni aliyeingia hajui mtu anapata pa kukaa. Maktaba na makanisa mengi yanaendesha pia kafe za lugha ambako wageni wanakaa na wenyeji wanajifunza Kiswidi, na bila shaka kuna fika, kwa mtu aliyefika juzi naona hakuna mlango mzuri kuliko huo.

Lakini walioijenga fika hasa ni wanawake, na hili haliandikwi vya kutosha. Baa hazikuwa mahali pao, kwa hiyo walikaribishana majumbani kwa kahawa, na karamu hizo zikashika kasi miaka ya 1800 hasa jiko la chuma la kuni lenye oveni lilipoanza kuingia kwenye nyumba za kawaida. Kabla ya hapo kuoka kulikuwa shughuli kubwa ya tanuri, mkate wa kukaa miezi wa rai, nafaka ya nchi za baridi inayofanana na ngano, sasa mama anaweza kuoka trei moja ya biskuti asubuhi na wageni wakazikuta za moto mchana, sukari na unga wa ngano navyo vikawa vinashuka bei. Ikazaliwa kanuni ya aina saba za biskuti. Mwenyeji akiweka chini ya saba ni mchoyo, akizidisha saba anajionyesha, kwa hiyo saba. Na kulikuwa na mpangilio wa kula, unaanza na mkate laini mtamu kwenye kikombe cha kwanza, halafu keki ya sponji, halafu zile biskuti ndogondogo aina zote huku kikombe kinaongezwa, mwisho kabisa ndo keki ya krimu, na mgeni mwenye adabu alisubiri akaribishwe zaidi ya mara moja. Mwaka 1945 kilitoka kitabu cha mapishi kilichobeba jina la hizo aina saba, resipe zake zikiwa zimetokana na shindano la watu wa nyumbani, na kimeendelea kuchapwa na kuchapwa mpaka leo, nyumba nyingi kina kurasa zenye madoa ya siagi.

Tuje kwenye vitu vyenyewe, na hapa mtu wa pwani atajisikia nyumbani kwa sababu moja tu, iliki. Mkate wa mdalasini wa Kiswidi, kanelbulle, unaitwa wa mdalasini lakini kinachoupa roho ni iliki iliyoko ndani ya unga wenyewe, na si ile iliyosagwa ikawa vumbi, ni punje nyeusi zilizopondwa nusunusu ambazo ukitafuna unazisikia zinapasuka. Anayekanda mahamri ya iliki anaijua harufu hiyo kabla hajaambiwa. Ukipata iliki ya Usambara au ya Unguja nunua nzima, menya maganda, ponda punje kwenye kinu wakati huohuo unaotaka kutumia, ile ya kopo iliyokaa sana ina rangi tu.

Kwa mikate ishirini midogo chukua maziwa robo lita, yapashe yawe ya vuguvugu ukitumbukiza kidole husikii joto wala baridi, yeyushia humo siagi gramu 75, changanya hamira ya chenga pakiti moja ya gramu 7, sukari gramu 50, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki kijiko cha chai kimoja na nusu, halafu unga wa ngano kama gramu 425, ila usiumimine wote, ubakize kidogo. Watu wanakosea hapo, wanaongeza unga mpaka usinate kabisa, mkate unatoka mkavu. Unatakiwa ubaki na kunata kidogo, ukande dakika kumi kwa mkono mpaka uwe laini na unavutika bila kukatika. Funika, acha uumuke mpaka karibu uwe mara mbili, kwa joto letu nusu saa inaweza kutosha wakati kule wanasubiri zaidi. Sukuma uwe mstatili wa sentimita 30 kwa 40, paka siagi laini gramu 75 iliyochanganywa na sukari gramu 50 na mdalasini kijiko kikubwa kimoja, na upake mpaka pembeni kabisa, usiache kingo tupu. Kunja kama mkeka kwa ule upande mrefu, kata vipande vya sentimita 2, panga kwenye trei kwa nafasi, funika tena nusu saa. Paka yai, nyunyiza ile sukari nyeupe ya chengachenga isiyoyeyuka, ukiikosa weka lozi zilizokatwakatwa, oka nyuzi 225 dakika nane hadi kumi. Moto ni mkali na muda ni mfupi kwa makusudi, ukioka taratibu kwa nyuzi 170 inakauka ndani kabla haijapata rangi. Ikitoka, ifunike kitambaa safi ipoe ikiwa imefunikwa, mvuke wake wenyewe unaibakiza laini, hatua hii watu wanairuka na ndo siri yote.

Wana hata siku ya mkate huu, tarehe 4 Oktoba, iliyoanzishwa 1999 na baraza la kuendeleza uokaji wa nyumbani. Mtaa wa Haga mjini Göteborg wanauza mkubwa sawa na sahani, na Stockholm kuna Vetekatten, kafe ya tangu 1928 yenye vyumba vidogovidogo, nzuri kwa anayetaka kuona fika ya zamani ilivyokaa.

Vitu vingine vina msimu wake na vinalindwa. Semla ni mkate wa iliki uliokatwa kofia, ndani lozi iliyosagwa na sukari, juu krimu iliyopigwa, asili yake ni ya Jumanne ya mwisho kabla Kwaresma haijaanza ingawa siku hizi kafe zinaanza kuuza mapema mara baada ya Krismasi. Mfalme Adolf Fredrik alifariki Februari 1771 baada ya mlo mkubwa na inasemwa alimalizia na kumi na nne za hizo kwenye maziwa ya moto. Tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lucia, ni mikate ya zafarani ya njano iliyopindwa umbo la S na zabibu kavu mbili. Ile keki ya kijani ya kuba, yenye jina la mabinti wa kifalme, ina sponji, jamu na krimu nyingi chini ya shuka jembamba la lozi na sukari, hiyo ni ya sherehe, usihangaike nayo mwanzoni.

Asiye na oveni aanze na vidonge vya chokoleti. Siagi laini gramu 100, sukari gramu 90, oti za uji gramu 120, kakao vijiko vikubwa vitatu, vanila kidogo, na kahawa nzito iliyopoa vijiko viwili vitatu, vuruga kwa mkono, tengeneza vidonge, vizungushe kwenye nazi kavu iliyokunwa, weka friji vigande. Watoto wa Kiswidi wengi wanaanzia jikoni na hivi.

Na kahawa yenyewe? Waswidi wako kati ya wanywaji wakubwa kabisa duniani, majirani zao wa Finland ndo kawaida wanawazidi, na ni kahawa ya kuchuja, nyingi, vikombe viwili vitatu, ya kukaangwa wastani. Kusini mwa nchi wanapenda iliyokaangwa zaidi, na kampuni ya Zoégas ya Helsingborg, iliyoanza 1886, imejenga jina lake kwa kahawa ya Afrika Mashariki hasa ya Kenya. Yaani ile meza ndefu ya ofisini kule kuna uwezekano mkubwa ina jasho la mkulima wa Nyeri au Kirinyaga juu yake, na Mkenya anayekaa pale ana haki ya kuliongelea hilo, ni mada nzuri kuliko hali ya hewa.

Wazee kule walikuwa wanamimina kahawa kwenye kisosi ipoe, wanabana donge la sukari kwenye meno, wanafyonza kahawa ipitie humo. Vijana hawafanyi tena. Kilichobaki kwenye nyumba nyingi ni friza yenye mfuko wa mikate, kwa sababu Mswidi akioka anaoka mingi, anagandisha siku hiyohiyo ikishapoa, na mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani anatoa kadhaa, dakika chache kwenye oveni, imerudi laini. Ukioka ile ishirini fanya hivyohivyo, kula ya siku mbili, iliyobaki igandishe mapema, ikikaa nje mpaka siku ya tatu imeshakuwa ngumu na hata friza haiirudishi.